Miti Mine ya Ngazi Kisiwani Java

Ndugu msomaji, wewe unayependa sombe yenye mawese, na ninyi vijana mnaopenda habari za mbali, leo twende pamoja Indonesia, kwenye kisiwa cha Java. Wageni wanaokwenda huko kwa kongé wengi hukimbilia bahari. Lakini ukipata siku moja tu, panda treni Jakarta, shuka kusini kilometa 60 hivi mpaka mji wa Bogor. Katikati ya mji kuna bustani kubwa ya mimea. Ilianzishwa mwaka 1817 na Reinwardt, mtaalamu mzaliwa wa Ujerumani, wakati Waholanzi walipotawala. Hektari zake ni 87. Usijidanganye kwamba utaimaliza kwa saa moja! Fika asubuhi, na beba mwavuli, kwa sababu Bogor huitwa mji wa mvua, nayo hupenda kupiga mchana.

Watu wengi wanatafuta lile ua kubwa sana la Sumatra, lenye kumpita mtu kwa urefu. Harufu yake ni sawa nyama iliyooza, na ndiyo inavuta wadudu. Linachanua mara chache, kisha baada ya siku mbili tatu limekwisha. Usipolikuta, usihuzunike.

Mimi ningekuomba uulize habari ya mti unaoujua tangu utoto: ngazi. Mwaka 1848 miche mine ya ngazi ilipandwa katika bustani ile. Miwili ilipitia visiwa vya Bahari ya Hindi, miwili ilitoka Amsterdam, lakini asili yake ni Afrika. Minne tu! Mbegu zake zilipelekwa Deli, kule Sumatra, wakaipanda kando ya njia za mashamba ya tumbako, kama mapambo. Ndipo mwaka 1911 Mbelgiji mmoja, Adrien Hallet, akaona kwamba ngazi za Deli zinazaa vizuri, akaanza shamba la kweli. Ile miti mine imekufa zamani, lakini uzao wake umeenea, na leo Indonesia ni ya kwanza duniani kwa mafuta ya ngazi, Malaisia ya pili.

Wengine watasema: wametuibia. Sioni hivyo, ngazi zetu zilibaki hapa, hakuna aliyezing'oa. Kinachoniuma ni kingine. Mwaka 1941, kwetu Congo, kule Yangambi karibu na Kisangani, wataalamu Beirnaert na Vanderweyen walionyesha siri ya ganda la kokwa. Ngazi yenye ganda nene (dura) ukiichanganya na ile isiyo na ganda (pisifera), unapata tenera, yenye ganda jembamba na nyama nyingi ya mafuta. Mashamba makubwa ya Asia yamejengwa juu ya elimu hiyo. Na sisi? Mara nyingine bidoni ya mafuta tunayonunua sokoni imetoka Malaisia.

Kijana, hauhitaji ndege kwa kuanza. Chukua tunda la ngazi ya jirani, likate katikati kwa kisu kikali, uangalie ganda. Kama ni jembamba, vizuri, lakini usikimbie kupanda kokwa zake. Tenera ikizaa na tenera, karibu robo ya watoto wanarudi dura, nusu wanakuwa tenera, na robo wanakuwa pisifera, ambayo mara nyingi haizai kitu. Utangoja miaka mitatu minne ndipo ujue. Kwa hiyo, mbegu za shamba nunua kwa wale wanaozichanganya kwa mkono, na uwaulize mama yake ni ipi na baba yake ni ipi.