Mita 25 za Mnara wa Fischer

Anayeingia Mbuga ya Taifa ya Hell's Gate kupitia lango la Elsa hachelewi kuuona Mnara wa Fischer. Umesimama peke yake kando ya barabara, nguzo ya mawe ya volkano yenye kimo cha mita 25 hivi, na si ajabu kumkuta mtu amejibana katikati yake, kofia ngumu kichwani, mguu mmoja ukimtetemeka. Huyo kwa kawaida ndiyo kwanza anajifunza. Chini yake yuko mtu mwingine aliyeshika kamba, macho juu. Watazamaji humkodolea anayepanda, lakini kazi kubwa zaidi iko mikononi mwa yule wa chini.

Mnara huo umepewa jina la Gustav Fischer, mtafiti Mjerumani aliyefika maeneo ya Naivasha mwaka 1883 na msafara uliotoka Pangani, akazuiwa na Wamaasai asiendelee mbele. Mbuga yenyewe ilianzishwa mwaka 1984, takriban kilomita 90 kutoka Nairobi, na ni miongoni mwa mbuga chache za Kenya ambako mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na swala. Kwa mpanda miamba faida ni dhahiri: anafika chini ya mwamba bila kuhitaji gari.

Jiwe la hapa ni lava iliyopoa na kuganda. Lava inapopoa husinyaa na kupasuka, ndiyo maana uso wa mnara umejaa nyufa, kingo na vidaraja vya kukanyagia. Hicho ndicho kinachoufanya umfae anayeanza, maana kila anapoinua mkono hukuta pa kushika. Ila nyufa hizohizo zina hatari yake: kipande kinachoonekana imara huenda kimeachana na mwamba siku nyingi. Wazoefu hukigonga kwanza kwa kiganja. Kikitoa sauti ya kitu chenye uvungu, hawakivuti. Mshika kamba naye havui kofia yake hata kidogo, kwa sababu jiwe linaloponyoka juu huangukia upande wake.

Njia rahisi hupandwa kwa kamba iliyotundikwa juu. Mwongozaji hutangulia kileleni na kufunga nanga kwenye sehemu mbili zinazojitegemea, ili moja ikishindwa nyingine ibaki. Kamba hupitishwa kwenye karabina za nanga hiyo, yaani pete za metali zenye mlango: ncha moja hushuka hadi kwa anayepanda, upande wa pili kwa mshika kamba. Kadiri mpandaji anavyopanda, mwenzake huvuta kamba iliyolegea. Akiteleza, huanguka kidogo tu, kisha anabaki ananing'inia. Hesabu ya kamba ni ya lazima. Mwamba wa mita 25 unahitaji mita 50 za kwenda na kurudi pamoja na za kufungia, hivyo kamba ya mita 60 inatosha, na ncha ya upande wa mshika kamba hupigwa fundo. Fundo hilo dogo huzuia ajali mbaya inayojulikana sana katika mchezo huu, ya ncha kuponyoka kwenye kifaa cha mshika kamba wakati mpandaji bado anateremshwa.

Mgeni akiiona kamba nyembamba kuliko kidole gumba chake, hupata wasiwasi. Lakini kamba za kupandia hufumwa ili zinyumbuke na kumeza mshtuko wa anguko. Karabina nayo, ikivutwa kwa urefu wake huku mlango umefungwa, hustahimili mvuto unaolingana na uzito wa takriban tani mbili. Ikikaa upande au mlango ukiwa wazi, nguvu hiyo hushuka hadi karibu theluthi moja. Kwa hiyo vifaa hivi haviogopwi kukatika. Kinachoogopwa ni mtu kuvivaa au kuvifunga vibaya.

Mfano mzito ni wa Lynn Hill. Mei 1989, huko Buoux nchini Ufaransa, Mmarekani huyo alikuwa tayari miongoni mwa wapandaji bora duniani. Alianza kufunga fundo lake, akakatizwa akavae viatu, kisha hakulimalizia, na koti likalifunika. Alipanda njia ya mazoezi hadi juu, akaegemea kamba ili ateremshwe, na fundo likafumuka. Alianguka zaidi ya mita 20. Matawi ya mti yalipunguza kishindo, akapona. Mwaka 1993 akawa mtu wa kwanza kupanda njia ya The Nose kwenye ukuta wa El Capitan, California, kwa mikono na miguu tu, kamba ikiwa ya usalama peke yake. Kama fundo lilimponyoka mtu wa kiwango hicho, na kwenye njia aliyoiona nyepesi, anayeanza hana sababu ya kuona aibu kukaguliwa.

Ukaguzi wenyewe hauchukui dakika moja. Kila mmoja humkagua mwenzake, kwa macho na kwa vidole: mkanda wa kiunoni umekazwa na bizimu zimefungwa, fundo lenye umbo la nane limepita kwenye vitanzi vyote viwili vya mkanda na limerudiwa kikamilifu, kifaa cha mshika kamba kimepitishwa kamba sawasawa, karabina imefungwa skrubu. Halafu wanapatana maneno. "Kaza" ni vuta kamba, "legeza" ni ongeza kidogo, "nishushe" ni nimemaliza, na "jiwe!" hupigiwa kelele bila kungoja kuulizwa. Baada ya hapo mkono wa mshika kamba ulio upande wa breki hauachii kamba, hata nzi akimtua usoni.

Juu ya mwamba, kosa la karibu kila mtu ni kujivuta kwa mikono. Mikono huchoka upesi mno; mapaja, yaliyozoea kubeba mwili mzima tangu utotoni, yana akiba kubwa. Anayepanda vizuri hutazama chini mara nyingi kuliko juu. Hutafuta pa kukanyaga, huweka ncha ya kiatu taratibu, huuhamishia mguu huo uzito, kisha husimama. Mikono hubaki imenyooka, ikimshikilia asiinamie nyuma. Mguu ukianza kutetemeka, kwa kawaida kisigino kimeinuliwa na msuli wa nyuma umechoka: dawa ni kukishusha kisigino, kupumua, na kuutikisa mkono mmoja baada ya mwingine.

Walimu wazuri wa somo hilo wanaishi papo hapo mnarani. Ni pimbi, wanaoota jua kwenye vidaraja vya mawe. Nyayo zao ni laini na hubaki na unyevu wa jasho, nazo huushika mwamba mkavu barabara. Viatu vya kupandia vimetengenezwa kwa wazo hilohilo la raba laini inayojibana na jiwe. Vinavaliwa vya kubana, lakini anayeanza asikubali vinavyomuumiza. Kwenye njia nyepesi hata raba nzuri ya kawaida yenye soli nyembamba humfikisha.

Kushuka ndiko kunakowatisha wengi. Mwili unataka kuukumbatia mwamba, ilhali kinachotakiwa ni kukaa ndani ya mkanda, kuegemea nyuma, kutanua miguu na kutembea kinyumenyume ukutani.

Yako pia mambo ya mahali. Kabla ya kutia mkono ufani ni vyema kusikiliza, kwa sababu nyuki hupenda nyufa za miamba. Tumbusi wa Rüppell hujenga viota kwenye kuta kubwa za mbuga hii, na ukuta wenye viota huachwa. Mawingu yakijikusanya vilimani, hakuna wa kushuka kwenye korongo lililo mbele: mafuriko ya ghafla yaliua watu humo mwaka 2012, na tena mwaka 2019.

Aliyeupanda mnara mara kadhaa na kuzoea kushika kamba ya mwenzake anaweza kwenda Lukenya, upande wa Athi River, ambako vizazi vya wapandaji wa Kenya vimejifunzia. Kule jiwe ni la aina ya nisi (gneiss), gumu na la kukwaruza, na njia nyepesi zipo kando ya ngumu kwenye ukuta mmoja. Huko pia ndiko anapoweza kuanza, akiwa na mwalimu, kujifunza kuifunga ile nanga ya juu ambayo mpaka sasa amekuwa akifungiwa.