Mwani, Shahidi wa Bahari (Sehemu ya Tatu)

Kiwanda cha mwani cha Chamanangwe kimerudisha Pemba nzima kwenye mazungumzo ya bei. Bei ni haki ya mkulima. Ila nawaomba tutazame pia kilichomo ndani ya mwani wenyewe.

Mwani hauna mizizi ya kunyonya chakula ardhini; hula kwa mwili mzima kutoka majini. Shaba, zinki, risasi na kadmi zilizoyeyuka baharini hunata kwenye kuta za seli zake na kurundikana humo. Maji yaliyochotwa asubuhi hueleza asubuhi ile tu, lakini mwani hueleza majuma yaliyopita.

Hapa lazima nimtaje Profesa Adelaida Semesi, aliyekuwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tunamkumbuka Keto Mshigeni, aliyefanya majaribio ya kilimo cha mwani kisiwani Fundo, mbele ya Wete, kabla biashara haijaanza Unguja mwaka 1989. Semesi tunamsahau, na si haki. Yeye na wenzake, Watanzania na Waswidi, waliuhoji Mkondo wa Zanzibar kwa kutumia Padina, mwani wa kahawia uliokunjuka kama kipepeo cha ukili, wenye mistari myeupe ya chokaa. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1998. Padina haikuchaguliwa kwa uzuri wake. Hushika jiwe moja haihami, hupatikana pwani nyingi, na mtoto wa shule huitambua. Kazi yake yataka uangalifu: huoshwa mchanga wote, huondolewa vidudu vilivyojibanza, na huchukuliwa sehemu za umri mmoja, kwani sehemu kuukuu huwa imerundika zaidi. Kisha hukaushwa, husagwa, huyeyushwa kwa tindikali na kupimwa.

Nasi tunailisha nini bahari hii? Mawe ya tochi yaliyokwisha, yenye zinki na manganizi, huachwa mwambani na wavuvi wa usiku. Rangi yenye shaba inayopakwa chini ya vyombo hukwanguliwa pwani, na maji yakijaa huenda na unga wake. Huko ni kumchafulia jirani shamba lake, na jirani huyo aghalabu ni mama aliyeinama kwenye kamba zake tangu maji yalipotoka.

Kiwanda cha mwani chahitaji maabara ya kupima ubora. Basi kila msimu ipelekewe Padina kutoka Wete, Mkoani, Tumbe na Fundo, na majibu yasomwe mbele ya wakulima, vijijini mwao.