Ua linaita, mududu anajibu: wafanyakazi wadogo wanaotuletea mavuno

Wakulima wengi wa kakao wanajiuliza: muti ulijaa maua toka chini mpaka juu, sasa matunda njo haya tu? Wengine wanasema ni udongo umechoka, wengine wanasema ni jua kali. Mara ingine ni kweli. Lakini kuna sababu moja tunayoisahau: ua lilingoja mugeni, mugeni hakufika.

Ua haliwezi kutembea. Ili tunda lishike, unga wa sehemu ya kiume, unaoitwa chavua, lazima ufike kwenye sehemu ya kike. Mahindi yanatumia upepo. Mimea mingi ingine inahitaji mududu, na inamuita kwa harufu, kwa rangi na kwa umbo la ua. Akifika, inamulipa kwa maji matamu ao kwa ule unga wenyewe. Kila muti uko na namna yake ya kuita.

Kahawa. Mvua ikinyesha kisha ukavu, mikahawa inachanua yote pamoja, nyeupe, na harufu inasikika mbali. Maua yanakaa siku 2 ao 3 tu, njo maana yanaita kwa nguvu. Arabika ya milima ya Kivu inaweza kuzaa kwa unga wa muti ule ule, lakini nyuki wakipita, maua mengi zaidi yanashika. Robusta haiwezi hivyo: lazima ipate unga wa muti mwingine. Mwaka wa 2013, watafiti walionyesha katika jarida Science kwamba maji matamu ya ua la kahawa yako na kafeini kidogo sana. Nyuki akiyanywa, anaikumbuka ile harufu muda murefu kuliko nyuki aliyepewa sukari tupu. Ua linamufundisha mugeni arudi.

Mungazi. Maua ya kiume na ya kike yako kwenye mashada tofauti. La kiume linatoa harufu kama ya anisi, na kadudu kadogo kenye pua ndefu kanakuja kula na kutaga mayai humo. La kike likiwa tayari, linatoa harufu ile ile, lakini hakuna chakula. Kadudu kanaingia, kanakuta bure, kanatoka. Lakini unga kaliobeba umebaki ndani. Ni udanganyifu, lakini ule udanganyifu njo unaotupatia mafuta. Michikichi ilipopelekwa Malaysia kutoka Afrika, huyu mududu hakupelekwa, na watu walilazimika kupaka unga kwa mukono. Mwaka wa 1981 walimuchukua Kamerun wakamuachilia kule, na kazi ile ya mukono ikakoma. Sisi tuko naye hapa, bila kulipa kitu.

Kakao. Ua lake ni dogo, limeshika ku shina, linafunguka alfajiri. Lisipopata unga, linaanguka kisha siku moja ao mbili. Hata katika shamba zuri, katika maua 100 ni chini ya 5 yanayokuwa matunda, kwa hiyo musiogope mukiona maua chini. Wageni wake wakubwa si nyuki. Ni visubi, wadudu wadogo kama kichwa cha pini, wanaozaliwa ndani ya majani yanayooza na migomba iliyokatwa. Mutu akifagia shamba mpaka linang'aa, amevunja nyumba yao.

Vanila. Huu mumea ulitoka Meksiko. Ulipofika visiwa vya Bahari ya Hindi, ulichanua bila kuzaa, ju wadudu wa kwao hawakuwepo. Mwaka wa 1841, mutoto mutumwa wa miaka 12 kule Réunion, Edmond Albius, alionyesha namna ya kufanya kwa kijiti na kidole. Mupaka leo tunafanya vile, ua moja moja, asubuhi ile ile linapofunguka. Kila anayelima vanila anajua ile kazi inakula masaa mangapi. Hiyo ndiyo bei ya kukosa mududu.

Sasa tufanye nini?

- Musipulizie dawa ya wadudu wakati maua yamefunguka. Ikilazimika, fanyeni jioni nyuki wakiisha kurudi, na muwaambie mapema majirani wenye mizinga. Kwa mipapai mukuwe na akili zaidi: maua yake yanaita vipepeo vya usiku.
- Malenge yanafunguka asubuhi na mapema na kujifunga mbele ya saa sita. Dawa ya asubuhi inakuta nyuki ndani ya ua.
- Chini ya mikakao, muache majani yaoze, na muweke vipande vya migomba. Lakini matunda yaliyooza na kuwa meusi muyatoe shambani, yanaeneza ugonjwa.
- Wenye marakuja, muache miti mikavu kando ya shamba. Nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao wanajenga humo, na njo wanaofaa kwa lile ua kubwa.
- Mupatane katika koperative. Nyuki hajui mupaka wa shamba. Mutu mumoja akipulizia vibaya, jirani naye anapoteza.

Koperative inaweza kujaribu yenyewe. Muchague mikakao 10 na muweke migomba inayooza chini yake. Muchague mingine 10 ya umri ule ule, kwenye udongo ule ule, musiweke kitu. Kisha kila juma muhesabu matunda machanga na muandike katika kaye. Mwisho wa musimu mulete zile hesabu mu mukutano, wanachama wote waone.