Lenzi, Taa au Muda wa Mchongaji: Pesa Yako Iende Wapi?

Ukitoka Kisumu ukapitia Ahero, Sondu na Oyugis hadi Kisii, kisha ukaendelea hadi Tabaka, utawakuta wachongaji wa mawe ya Kisii wakitengeneza seti za pango la Noeli: Bikira Maria, Yosefu, mamajusi, kondoo, na mtoto horini. Wengi huchonga nje, kivulini. Mvua ikianza huingia ndani, na humo kwenye karakana ya bati isiyo na dirisha picha unazowapiga huanza kutoka zimetikisika, mkono wa fundi umekuwa ukungu mtupu.

Wapiga picha wanaoanza huamini dawa yake ni kamera mpya. Mimi naona kamera waliyo nayo yatosha. Kinachowaangusha ni lenzi. Ile ya milimita 18 hadi 55 inayouzwa pamoja na kamera za bei nafuu, ukiivuta hadi mwisho haifunguki zaidi ya f/5.6. Lenzi ya milimita 50 isiyovutika, yenye f/1.8, huingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Maana yake, pale ulipolazimika kupiga kwa sehemu 1 ya 13 ya sekunde, sasa unapiga kwa sehemu 1 ya 125, na kisu kinachokwangua shavu la Maria kinatulia kwenye picha.

Bei nayo haitishi. Canon ilipotoa lenzi ya aina hiyo kwa kamera zake za zamani zenye kioo, mwaka 2015, ilitaka dola 125. Ile ya kamera mpya zisizo na kioo ilitoka 2020 kwa dola 199. Kwa shilingi 129 kwa dola, hizo ni kama shilingi 16,000 na 25,700, kabla ya ushuru na faida ya muuzaji. Iliyotumika huwa chini ya hapo, ila ikague kwanza: iangalie dhidi ya mwanga kama ina ukungu au utando wa kuvu ndani, kwa sababu unyevu wa ziwani hauzihurumii lenzi.

Muuzaji atakuonyesha pia ile ya f/1.2, iliyotoka 2018 kwa dola 2,299, yaani shilingi zipatazo 297,000. Ni lenzi nzuri sana. Lakini unalipa zaidi ya mara kumi na moja ya bei ya ile ya dola 199 ili upate mwanga wa mara mbili na robo tu, na hata huo hutautumia mara nyingi. Ukisimama mita moja kutoka kwa mchongaji na kamera ya fremu kamili, f/1.8 hukupa kina kikali cha sentimita 4 hivi. Ukifungua hadi f/1.2 zinabaki kama 3, basi ncha ya kisu inaonekana na vidole vilivyokishika vinapotea. Kwa kazi hii siishauri. Afadhali upandishe ISO hadi 3200 au 6400. Chengachenga zitaonekana, lakini picha yenye chengachenga inachapika, iliyotikisika haichapiki.

Simu nayo? Hali ya usiku huunganisha picha kadhaa kuwa moja, kwa hiyo sanamu iliyotulia mezani hutoka safi, ila mkono unaofanya kazi huacha kivuli chake kila mahali. Itumie kwa bidhaa.

Fleshi iache nyumbani. Karakana haina dari nyeupe ya kurudishia mwanga, jiwe lililopakwa nta linang'aa kama kioo, na vumbi lililo hewani hugeuka madoa meupe mbele ya uso wa fundi. Taa ya LED ya kuchaji ni bora kidogo, hasa umeme ukikatika, ingawa zile za bei ya chini huipa ngozi ukijani. Kabla ya kununua taa yoyote, nunua karatasi nyeupe ya manila dukani. Huku karibu na ikweta jua huchomoza mwaka mzima karibu saa kumi na mbili na nusu. Kufika saa mbili, mlango unaoelekea mashariki umejaa mwanga. Muombe fundi asogeze kigoda mlangoni, umshikie karatasi upande wa kivuli irudishe mwanga.

Na lenzi usiibadilishe humo ndani. Vumbi la mawe haya ni laini kama unga, likiingia kwenye kamera huenda lisitoke bila fundi wa kamera, na yeye ana bei yake.

Gharama inayosahaulika kwenye bajeti ni ya mchongaji mwenyewe. Kule Kumartuli, Kolkata, wanakofinyanga sanamu za mungu wa kike Durga, wapiga picha hutozwa ada ya kuingia. Tabaka wengi huingia bure, wakamsimamisha mtu kazi saa nzima, wakaondoka. Uliza nusu siku yake ina thamani gani, umlipe, au ununue kazi yake bila kupunguza bei. Mtumie picha kwa WhatsApp aonyeshe wateja. Akikubali, andika jina lake chini ya picha: Elkana Ong'esa, mchongaji wa huko huko, anajulikana kwa jina kwa ndege wake wa amani aliyeko makao makuu ya UNESCO mjini Paris, lakini wanaochonga mamajusi wa Noeli husafirisha kazi zao ng'ambo bila kutajwa. Kwa mwenye shilingi 30,000 mkononi, ningetenga 5,000 za hao mafundi kwanza, ndipo nitafute lenzi kwa zilizobaki.