Betri ya pikapu: Pima kabla ya kununua
Ni alfajiri, maziwa yamekwisha kupakiwa, nayo pikapu inakohoa tu. Usikimbilie kununua betri! Isukumwe iwake, kisha fundi apime: injini ikinguruma, volti zifike 14 hivi. Zisipopanda, huenda mkanda umelegea au alteneta ina kasoro, na hata betri mpya itakufa.

Ukilazimika kununua, chagua yenye nguvu iliyopendekezwa na waundaji wa gari, hasa likiwa la dizeli. Tazama pia tarehe ya kuundwa. Betri iliyokaa sana dukani hudhoofika.

Ukifungua, anza na waya wa hasi; ukifunga, malizia nao. Betri ya kuongezwa maji itie maji safi ya betri, si ya mfereji wala asidi. Maziwa hayangoji!