MTV: televizyo iliyojengwa na klipu za bure

Kijana wa leo ukimuuliza MTV ni nini, atakujibu ni ile chaneli ya watu wanaogombana ndani ya nyumba huku kamera inawafuata. Mwanzoni haikuwa vile. Ilikuwa klipu za muziki, usiku na mchana. Mimi kinachonivuta katika historia yake ni hesabu: nani alitoa feza, nani alitoa kazi yake bure, na nani aliachwa inje ya mlango.

Ilifunguliwa Marekani tarehe 1 mwezi wa 8, 1981, dakika moja nyuma ya saa sita ya usiku. Wenye nayo walikuwa Warner na American Express, kampuni mbili zilizoungana. Klipu ya kwanza ilikuwa "Video Killed the Radio Star" ya The Buggles, Waingereza. Jambo la kuchekesha: pale Manhattan kebo ilikuwa bado haiwaonyeshi. Wakubwa wenyewe walivuka mto mpaka New Jersey, wakaitazamia ndani ya restora! Hata picha za ufunguzi, roketi na mtu juu ya mwezi, zilikuwa za NASA, mali ya umma, hakuna wa kulipa.

Njo hapa hesabu inakuwa tamu. Televizyo ya kawaida inatengeneza vipindi ao inavinunua. MTV iliendea kampuni za diski, ikasema: mutupatie klipu bure, sisi tutawatangazia diski zenu. Yenyewe ikabaki na watangazaji watano wa kuingiza klipu, na kuuza matangazo ya biashara katikati. Kampuni zingine zilikataa kwanza. Na klipu za Wamarekani zilikuwa chache. Waingereza njo walikuwa nazo, juu kwao klipu ilikuwa inatumwa kwenye televizyo wakati kikundi hakiwezi kufika studio. Basi Duran Duran na wenzao, wenye redio za Marekani hazikuwa zinawapiga sana, wakaanza kutafutwa madukani katika miji yenye kebo. Kwa kampuni za diski, ile ilikuwa dalili ya kutosha.

Sasa tuje kwenye mlango. MTV ilisema: sisi ni chaneli ya rock. Neno hilo lilionekana la kawaida, lakini kazi yake ilikuwa kubwa. "Super Freak" ya Rick James iliuzwa sana mwaka ule ule wa 1981, klipu yake ikakataliwa, naye akalalamika waziwazi. Mwaka 1983 David Bowie alimuuliza mtangazaji Mark Goodman mbele ya kamera: mbona Weusi wanaonekana wachache hivi? Goodman akajibu kwamba lazima wafikirie na watu wa miji midogo, wenye wanaweza kuogopa. Na mukumbuke kwamba mmoja wa wale watangazaji watano, J.J. Jackson, alikuwa Mweusi. Haikusaidia kitu, juu anayetangaza klipu siye anayeichagua.

Mwezi wa 3, 1983, ikapita "Billie Jean" ya Michael Jackson. Wengi wanasema huyo ndiye Mweusi wa kwanza kuonekana MTV. Si kweli, vijana wa Musical Youth kutoka Birmingham walikuwa wamekwisha pita. Upande wa CBS, kampuni yake, walisimulia kwamba walitisha kuondoa klipu zao zote. Upande wa MTV walikana. Mi naona tusipoteze wakati hapo: wimbo ulikuwa tayari namba moja Marekani, na chaneli ya muziki isiyoonyesha namba moja inajiumiza yenyewe.

Nyuma ya hapo nguvu ilibadilisha upande. Mwisho wa 1983 Jackson alitengeneza "Thriller", karibu dakika 14, na John Landis, mwenye kutengeneza filamu. Bei ilikuwa kubwa sana. MTV ilikuwa na sheria yake: klipu hailipiwi. Sasa wafanye nini? Walitoa feza kwa filamu ingine, ile ya kuonyesha namna "Thriller" ilivyotengenezwa, na feza ile ikasaidia kulipia klipu yenyewe. Mwaka 1984 hawakujificha tena: walianza kulipa kampuni kubwa za diski ili wapate klipu fulani mbele ya wengine.