Kitabu Kimoja na Watoto Wake Wengi

Jioni moja nilikuwa nimekaa barazani kwa jirani yangu nikinywa chai, mara tukasikia watoto wanagombana ndani. Ulikuwa ugomvi wa ajabu. Kijana wa nyumba alisema kwamba Bwana Quatermain alipokwenda kuyatafuta mashimo ya Mfalme Sulemani alifuatana na bibi wa Kizungu mwenye nywele nyekundu. Dada yake akampinga: "Uongo! Hakuna bibi yeyote. Mimi nimekisoma kitabu. Babu, mwambie!" Babu yao, ambaye naye alikisoma katika siku zake za shule, akaitwa awe hakimu, akamwunga mkono mjukuu wake wa kike. Lakini kijana hakukubali kushindwa. Bibi huyo alimwona kwa macho yake mwenyewe, katika sinema ya zamani iliyoonyeshwa kwenye televisheni. "Na nywele alizikata mwenyewe kwa mkasi, huko huko porini!"

Wote wawili walisema kweli. Nami nilipokuwa nikirudi nyumbani nikaona kwamba jambo hili lafaa kuzungumzwa katika ukurasa huu, maana ni watu wengi waonao picha ya sinema na kudhani wamekwisha kukisoma kitabu. Tena wako wengine wasomao kitabu cha pili na kudhani wanamjua yule mtu wa kitabu cha kwanza.

Tuanze na mwenye hadithi. Henry Rider Haggard alikuwa Mwingereza. Mwaka 1875, akiwa kijana wa miaka 19, alipelekwa Natal kufanya kazi ya serikali, akakaa Afrika ya Kusini miaka michache. Aliporudi kwao aliwekeana dau dogo na ndugu yake kwamba naye aweza kutunga hadithi kama Treasure Island, ambayo wakati ule ilisifiwa na kila mtu. Basi, angalieni: kitabu chenyewe tunachokisema kilizaliwa kwa kuiga kitabu kingine. Kilitoka mwaka 1885. Wachapaji walimpa kuchagua: ama paundi mia moja mkononi, ama fungu katika kila kitabu kitakachouzwa. Alikuwa karibu kuzipokea zile paundi mia, ila karani mmoja wa ofisi akamnong'oneza achague fungu. Karani yule alimfanya tajiri.

Waliokisoma wanakumbuka mambo yalivyo. Allan Quatermain ni mwindaji wa tembo, mtu mfupi aliyekwisha kupita miaka hamsini, asiyejisifu ushujaa. Anawaongoza Sir Henry Curtis na Kapteni Good kuvuka jangwa kumtafuta ndugu yake Sir Henry. Pamoja nao yuko mtumishi mmoja, Umbopa, mrefu na mwenye kujiheshimu kupita desturi ya watumishi. Mwisho tunajua kwamba si mtumishi hata kidogo. Yeye ni Ignosi, mfalme halali wa Wakukuana, ambaye baba yake aliuawa na mama yake akakimbia naye angali mtoto. Anarudishiwa kiti chake kwa vita vikubwa, na Wazungu wanaondoka na almasi chache mifukoni. Katika kuagana, Ignosi anawaambia kwamba wao ni rafiki zake, lakini baada yao hataki Mzungu mwingine avuke milima ile, si mfanya biashara, wala si mhubiri. (Maneno hayo ya mwisho hayatufurahishi sisi wa gazeti la kanisa, lakini twaelewa kwa nini mfalme wa mwaka 1885 aliyasema.)

Kitabu kilipendwa mno, na kitabu kikipendwa mno huitwa kizae. Mwaka 1887 kikatoka kitabu cha pili, kiitwacho Allan Quatermain. Hiki kina habari zinazotuhusu sana, kwa kuwa safari yake inaanzia Lamu. Wale wale watatu wanafika pwani, wanapanda Mto Tana, wanafikia nyumba ya mmisionari wa Kiskoti, wanapigana na Wamasai, kisha wanapita ng'ambo ya Mlima Kenya. Haggard hakuwa ameziona nchi hizi. Yeye mwenyewe alikiri kwamba mengi aliyapata katika kitabu cha safari za Joseph Thomson katika nchi ya Wamasai. Simlaumu kwa hilo, maana mtunzi hana budi kuazima. Lakini tazameni hadithi inakwendaje safari hii. Ng'ambo ya milima wanakuta taifa la watu weupe waliojificha katikati ya Afrika. Sir Henry anamwoa malkia wao na kuwa mfalme. Umslopogaas, Mzulu shujaa, anakufa akiizuia ngazi kwa shoka lake ili malkia huyo apate kuokoka.

Je, msomaji, umeliona lililobadilika? Katika kitabu cha kwanza Mwafrika anapata kiti chake na Wazungu wanakwenda zao. Katika cha pili Mzungu ndiye anayekaa kitini, na Mwafrika anakufa mlangoni. Hata maneno ya kuagana yamehama mdomo: sasa ni Sir Henry anayesema kwamba atawafungia wageni njia ya kuingia katika nchi yake. Mwaka mmoja tu kabla ya kitabu hicho kutoka, yaani 1886, Waingereza na Wajerumani walipatana kugawana nchi zetu za Afrika Mashariki. Sisemi kwamba jambo moja lilileta jingine. Nasema tu kwamba vyote viwili vilikuwa katika hewa moja.

Katika kitabu hicho cha pili Quatermain anakufa. Hapo mtunzi akajikuta taabuni, kwa sababu wasomaji hawakuwa tayari kumzika. Arthur Conan Doyle alipatwa na shida hiyo hiyo alipomuua Sherlock Holmes mwaka 1893, na baada ya miaka kumi akalazimika kumrudisha akisema hakufa. Haggard alitumia njia nyingine: alirudi nyuma. Akatunga vitabu zaidi ya kumi juu ya mambo ya Quatermain alipokuwa kijana, juu ya wake zake, juu ya vita vya Wazulu. Haggard alikufa mwaka 1925, na bado viwili vilitoka akiwa kaburini. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alikuwa na akili zaidi, naona. Bwana Msa wake, mwenye kiko, aliyeanza katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, alimwacha hai kitabu hata kitabu, hivyo hapakuwa na haja ya kumfufua mtu.

Kwa Kiswahili kitabu cha kwanza kilifika mwaka 1929, kikaitwa Mashimo ya Mfalme Sulemani. Aliyekitafsiri ni Frederick Johnson, yule yule wa kamusi. Wazee wengi wa Tanganyika na Kenya walikisoma darasani, na wako ambao hata leo ukiwatajia Gagula, yule kikongwe mchawi, wanacheka na kutazama nyuma yao.

Sasa tuje kwenye sinema. Picha ya kwanza yenye sauti ilitoka Uingereza mwaka 1937. Umbopa aliigizwa na Paul Robeson, mwimbaji mashuhuri wa Marekani, ambaye baba yake alizaliwa utumwani. Kwa kuwa Robeson ni mwimbaji, Umbopa naye ikabidi aimbe, hata jangwani penye kiu. Tena waliingiza msichana wa Kiayalandi asiyekuwamo kitabuni. Watengenezaji wa sinema waliamini kwamba watu hawatalipa kiingilio kutazama wanaume peke yao.

Picha aliyoiona kijana wa jirani yangu ni ile ya mwaka 1950, iliyotengenezwa na Wamarekani. Quatermain amekuwa Stewart Granger, mrefu na mzuri wa sura. Sir Henry ameondolewa kabisa, na mahali pake amewekwa Bibi Elizabeth Curtis, aliyeigizwa na Deborah Kerr, ambaye anamtafuta mume wake. Ni kweli anajikata nywele porini kwa mkasi, na dakika moja baadaye zimekaa sawasawa kama ametoka kwa msusi. Lakini kitabuni alikuwamo msichana mwingine, Foulata, Mkukuana aliyempenda Kapteni Good na kuchomwa kisu na Gagula pangoni. Huyo katika picha ya 1950 hayumo. Bibi mmoja ameingia, binti mmoja ametoka, na wengi wa walioketi gizani kutazama hawakujua kwamba kuna mtu aliyeondolewa.

Hata hivyo yatupasa kusema haki. Kitabuni anayepigana na mfalme mbaya Twala mtu kwa mtu na kumkata kichwa ni Sir Henry, Mwingereza. Kwenye sinema Umbopa mwenyewe ndiye anayeingia uwanjani kukipigania kiti cha baba yake. Katika jambo hilo watu wa sinema walikuwa na busara kuliko mtunzi. Mimi niliiona nikiwa mtu mzima, na hapo nilipiga makofi peke yangu sebuleni.

Kisha kuna uzuri wa picha yenyewe. Hawakujenga misitu ya mbao na karatasi kama ilivyokuwa desturi. Walikuja hapa na magari yao, wakapiga picha Kenya, Uganda kwenye maporomoko ya Murchison, Tanganyika, na Ruanda-Urundi. Badala ya muziki wa bendi waliweka ngoma na nyimbo za watu wenyewe. Picha ilipata tuzo mbili za Oscar, moja ya upigaji picha na moja ya uunganishaji wa filamu. Katika majina ya waigizaji wameandikwa na Watutsi, akiwemo Siriaque, aliyekuwa Umbopa. Mwishoni twaona wachezaji wa Rwanda wakirusha vichwa, na nyuzi ndefu nyeupe za vichwani mwao zikitikisika kama manyoya ya shingo ya simba.

Lakini hapo ndipo penye tatizo. Wakukuana wa Haggard hawakuwako duniani. Ni watu wa kutungwa, na mtunzi ana ruhusa ya kuwapa mfalme mbaya na mchawi. Watutsi walikuwako. Mwaka ule wa 1950 walikuwa na mfalme wao wa kweli, Mwami Mutara Rudahigwa, aliyebatizwa mwaka 1943 na kuiweka nchi yake mikononi mwa Kristo Mfalme mwaka 1946. Watu wenye mahakama, shule na parokia walivishwa hadithi ya taifa lililopotea nyuma ya milima.

Na sinema, kama kitabu, ikipendwa huitwa izae. Kampuni ilikuwa imebakiwa na filamu nyingi: wanyama wakikimbia, mito, ngoma. Wakaona ni hasara kuitupa. Mwaka 1959 wakatoa picha nyingine juu ya Harry, mtoto wa Quatermain, anayeyarudia mashimo yale yale. Msomaji wa Haggard atashtuka, kwa sababu kitabu cha pili kinaanza na kifo cha kijana huyo Harry kwa ndui. Sehemu kubwa ya picha hiyo iliungwa kwa vipande vya ile ya kwanza. Jina lake lilikuwa neno la Kiswahili: Watusi.

Mwaka huo huo wa 1959, mwezi wa Julai, Mwami Mutara alifariki ghafla mjini Usumbura. Mwezi wa Novemba machafuko yakazuka Rwanda. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa, na maelfu ya Watutsi wakakimbilia Uganda, Tanganyika, Burundi na Kongo. Wengine walipokewa katika misheni zetu. Kwenye majumba ya sinema ya ng'ambo, mwaka ule ule, waliendelea kucheza ngoma kwa furaha, kwa vipande vya filamu vya miaka kumi nyuma, chini ya jina lao wenyewe.

Picha za mwaka 1985 na 1986, zilizopigwa Zimbabwe, hazihitaji maneno mengi. Richard Chamberlain na Sharon Stone wanakimbizwa huku na huku kwa mzaha, na Umbopa ni mtu wa kuchekesha. Watoto watacheka, si vibaya.

Juma lililofuata nilipita tena kwa jirani. Yule msichana akaniamkia, kisha akaniuliza, "Mjomba, Ignosi aliendeleaje baada ya Wazungu kuondoka? Kitabu chake kiko wapi?" Nikamjibu kwamba hakipo. Katika vitabu vyote vile Haggard hakurudi hata mara moja kutueleza jinsi Ignosi alivyotawala. Alituonyesha Quatermain kijana, Quatermain mume, Quatermain mzee, lakini mfalme aliachwa kule nyuma ya milima.

Akaondoka kimya, akachukua daftari. Jumapili iliyopita alikuwa amefika ukurasa wa nne. Ignosi ameketi chini ya mti, anaamua kesi ya ng'ombe wawili waliokula mtama wa mjane, na mwenye ng'ombe ni ndugu wa jemadari wake. Babu anamsahihishia herufi. Kaka yake anataka atiwe na yule bibi mwenye nywele nyekundu, lakini bado hajakubaliwa.